Kiti cha Gemu kwa Mwili Mzito: Uimara, Starehe na Yaliyofichwa Chini ya Sponji

Mtu mwenye kilo 130, kama mimi, hukikagua kiti kwa kukigeuza juu chini kwanza. Rangi na nembo iliyodariziwa kwenye kiegemeo vinaweza kusubiri, kwa sababu kinachoamua kama kiti kitadumu au kitaanza kuyumba kabla ya masika ijayo ni bamba la chuma lililofungwa chini ya kikalio, silinda ya gesi inayokipandisha na kukishusha kiti, miguu mitano inayobeba magurudumu, na namna mabomba ya fremu yalivyochomelewa. Ninatumia kiti cha gemu cha daraja la uzito mkubwa hapa Dar es Salaam, mchana kwa kazi yangu ya kuhariri video na usiku kwa gemu za mpira na za mbio za magari, na nimekwisha kukifungua hadi kwenye chuma ili nielewe ni nini hasa nilichokilipia. Nilichojifunza ni kwamba kwa mwili mzito starehe hutokana na uimara moja kwa moja: kiti kikipinda chini yako, mgongo na mapaja yako huanza kufanya kazi ambayo chuma kilipaswa kuifanya, na hakuna mto wa kiuno utakaoweza kuifidia.

Umbo la viti vingi vya gemu lilitoka kwenye magari ya mashindano. Kampuni ya DXRacer, iliyoanza mwaka 2001 ikitengeneza viti vya magari, ilitoa kiti chake cha kwanza cha gemu mwaka 2006, na watengenezaji wengi wamelifuata umbo lile tangu hapo: kiegemeo kirefu chenye matundu mawili karibu na mabega, na mabawa yaliyoinuka pande zote mbili za kikalio na za mbavu. Ndani ya gari mabawa hayo yana kazi, kwani dereva anapokata kona kwa kasi mwili wake husukumwa upande na huhitaji kitu cha kuuzuia. Mbele ya meza hakuna nguvu inayomsukuma mtu upande, na kwa mwenye mapaja mapana mabawa hugeuka adha, kwa sababu mara nyingi ndani yake mmefichwa bomba la chuma lililofunikwa kwa sponji nyembamba. Paja likilalia bomba hilo kwa saa mbili, mishipa hubanwa na mguu hufa ganzi.

Kwa hiyo kipimo ninachokitafuta kabla ya vyote ni upana wa sehemu bapa ya kikalio, kuanzia shina la bawa moja hadi shina la bawa la pili. Upana unaoandikwa kwenye matangazo mara nyingi huyahesabu mabawa yenyewe, na hivyo humpa mnunuzi matumaini ambayo makalio yake hayatayaona. Mwenye nia ya kununua achukue tepu, apime upana wake akiwa ameketi kwenye benchi gumu, mahali ambapo mwili hutanuka kweli, kisha aongeze sentimita chache za kujigeuza. Kiti changu kina mabawa mafupi ya sponji tupu, yasiyo na chuma ndani, na katika mambo yote yanayonifanya nikipende hilo naliweka mbele.

Baada ya upana huja namba ya uzito. Kwenye sanduku huandikwa kilo 150 au kilo 180, lakini namba hiyo peke yake haielezi ilipatikana kwa njia gani. Barani Ulaya, kiwango cha EN 1335 cha viti vya ofisi kimejengwa juu ya mtumiaji wa hadi kilo 110 anayeketi saa nane kwa siku. Nchini Marekani, jumuiya ya watengenezaji wa samani za biashara iitwayo BIFMA ina kiwango cha X5.1, ambacho toleo lake la mwaka 2017 lilipandishwa hadi mtumiaji wa takriban kilo 125, na kwa wenye miili mikubwa zaidi kuna kiwango cha X5.11 kinachofika kilo 181. Vipimo vyake ni vya kukichosha chuma hadi kionyeshe udhaifu wake. Katika kimojawapo cha X5.1 mfuko mzito huangushwa juu ya kikalio mara 100,000. Kiti kilichobeba kilo 180 mara moja bila kuvunjika hakijathibitisha lolote kuhusu mwaka wa pili wa matumizi. Muuzaji anayeweza kutaja jina la kiwango, akakuonyesha na karatasi yake, amekupa habari yenye uzito kuliko yule anayeirudia namba ya sandukuni.

Namba hiyo ina upande mwingine ambao wachache huusoma, nao ni urefu. Kiti cha Titan Evo XL cha kampuni ya Secretlab ya Singapore, ambacho kinafahamika sana katika daraja hili, kimeelezwa kuwa kinawafaa watu wa kilo 80 hadi 180 wenye urefu wa sentimita 181 hadi 205. Mtu wa kilo 130 mwenye urefu wa sentimita 172 yumo ndani ya uzito huo lakini yuko nje kabisa ya urefu wake. Kikalio kikiwa kirefu kuliko mapaja yake, ukingo wa mbele humgusa nyuma ya magoti, naye hulazimika kusogea mbele na kuuacha mgongo ukining'inia mbali na kiegemeo. Mwanya wa vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti unatosha, na usipopatikana kiti hicho si chako hata kingekuwa na chuma cha reli. Ninaamini kwamba soko limewasahau watu wengi katika jambo hili, kwa kudhani kuwa kila aliye mzito ni mrefu pia, wakati wanene wafupi tumejaa kila mtaa na fedha yetu ni halali kama ya wengine.

Sasa twende chini ya kikalio, ambako mambo ni mengi. Uzito wote wa mwili, kabla haujafika sakafuni, hupita kwenye bamba moja la chuma lenye ukubwa wa daftari la shule, lililofungwa kwa bolti nne kwenye fremu. Mtu anapoketi wima, uzito hushuka karibu sawasawa juu ya silinda. Anapolaza kiegemeo, kiwiliwili huhamia nyuma, na hapo hesabu hubadilika: kilo 70 zikikaa sentimita 30 nyuma ya silinda huzaa nguvu ya kukunja ya takriban nyutoni-mita 200, na nguvu hiyo yote huchukuliwa na bamba, bolti zake nne, na kijiti cha chuma ambacho kiti hubembea juu yake. Ndiyo maana viti vingi hafifu huanza kuchoka kwa kuinama kidogo upande mmoja au kwa kuegemea nyuma hata wenzo wa kubembea ukiwa umefungwa. Bamba limekwisha kupinda, na halirudi. Kwenye kiti cha daraja zito bamba huwa pana zaidi, matundu ya bolti huwa mbali zaidi kutoka jingine hadi jingine, na kingo zake hukunjwa chini ili kuliongezea ukakamavu. Gusa kingo hizo kwa kidole. Karatasi ya chuma iliyoachwa bapa bila kukunjwa popote ni dalili mbaya.

Fremu nayo husomeka kwa kuchomelewa kwake. Kwenye viti vya bei ya chini mabomba huunganishwa kwa vipande vifupi vya kuchomelea, kimoja huku na kimoja kule, na nyufa huanzia pale vipande hivyo vinapoishia. Kwenye kiti changu mshono wa kuchomelea unazunguka bomba lote, na pale kiegemeo kinapokutana na kikalio kuna bamba la ziada pande zote mbili, kwa sababu ndipo nguvu ya kulaza inapokusanyika. Chini ya sponji nilikuta mikanda mipana ya mpira iliyotandazwa kwa kupishana kutoka upande hadi upande wa fremu. Mikanda hiyo ni mizuri kwa mwili kwa kuwa hunyumbulika, ila ndiyo inayolegea kwanza chini ya uzito mkubwa, kwa hiyo wingi wake na ukaribu wake una maana. Ikiwa michache na iliyoachana, baada ya muda utahisi kama umezama katikati huku kingo za fremu zikikupanda mapajani. Jambo la kutia moyo ni kwamba mafundi wa samani wa Keko wanaifahamu kazi ya mikanda ya namna hiyo kutokana na masofa, na kuibadilisha hakuhitaji mtambo wowote.

Silinda ya gesi huogopewa kuliko inavyostahili. Ndani yake mna naitrojeni iliyoshindiliwa, na mpira wa kuzibia ndio unaoizuia isivuje. Kiti kinachoshuka polepole chenyewe kimepoteza uwezo wa mpira huo. Silinda hupangwa kwa madaraja, na daraja la 4, lenye kuta nene zaidi za chuma, ndilo la kutafutwa na mtu mzito. Daraja huandikwa kwenye bomba lenyewe, na mnunuzi ana haki ya kuinama na kulisoma. Silinda haifungwi kwa bolti yoyote: ncha zake mbili ni nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine, hujikaza kwenye bamba la juu na kwenye miguu kwa nguvu ya uzito wenyewe, kiasi kwamba kuitoa huhitaji nyundo na subira. Kadiri unavyoipandisha juu, ndivyo sehemu ya ndani inavyobaki na chuma kidogo cha kuishikilia, na ndivyo mtikisiko wa pembeni unavyoongezeka. Mtu mzito mwenye meza ndefu hupata nafuu kwa kushusha meza, au kwa kuweka kibao cha kukanyagia, kuliko kuipandisha silinda hadi mwisho wake kila siku.

Miguu ya alumini ndiyo ninayoipendelea, ingawa nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ikitengenezwa vizuri hubeba uzito mkubwa pia. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kuitenganisha na plastiki dhaifu, ilhali alumini unaiona na kuigonga. Kuhusu magurudumu, kipenyo cha milimita 60 au 75 hupita kwenye maungio ya vigae bila kukwama, na kwa sakafu ngumu kama zetu yatafutwe yenye uso laini wa poliuretani. Kawaida ya Ulaya ni kwamba gurudumu la rangi moja ni gumu na limekusudiwa zulia, na gurudumu la rangi mbili lina uso laini kwa ajili ya sakafu ngumu. Ukumbuke kwamba unapoegemea nyuma karibu mzigo wote huangukia magurudumu mawili, hata kama kwenye karatasi uzito umegawanywa kwa matano.

Sponji ndiyo inayomchanganya mnunuzi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa hujaribiwa kwa dakika moja na hutumika kwa miaka. Mtu huketi, huona kiti kinambembeleza, na hukilipia. Mwili wa kilo 130 huigandamiza sponji laini hadi chini, na baada ya nusu saa unakuwa umeketi juu ya mikanda na chuma huku ulaini wote ukiwa umekwisha kazi. Wanunuzi wa magodoro hapa kwetu wamezoea kuuliza densiti, na swali hilohilo linafaa kwa kiti, ila ieleweke kwamba densiti na ugumu ni vitu viwili. Densiti ni kiasi cha poliuretani kilichomo ndani ya mita moja ya ujazo, nayo ndiyo inayoamua sponji itadumu kwa muda gani kabla ya kubonyea. Ugumu ni nguvu inayohitajika kuibonyeza leo. Sponji inaweza kuwa ngumu dukani ilhali ina densiti ndogo, na hiyo ndiyo inayobonyea mapema zaidi.

Kuna pia namna ya kuitengeneza. Sponji ya kukatwa hutoka kwenye bonge kubwa, hukatwa vipande na kugundishwa pamoja, na viungo vya gundi hivyo ndivyo vinavyoachia kwanza. Sponji ya kumiminwa huanza ikiwa kimiminika ndani ya umbo la kiti, mara nyingi fremu ya chuma ikiwa tayari imewekwa humo, kisha huumuka na kuizunguka fremu kila upande ikawa kitu kimoja. Kwa kikalio cha mtu mzito naitafuta hiyo ya pili, yenye takriban kilo 50 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Siku za mwanzo huonekana ngumu, na wageni wangu wanaokikalia kiti changu kwa dakika chache hulalamika. Mimi ninayekaa hadi usiku wa manane nashukuru kwamba mwisho wa kazi kikalio kiko palepale kilipokuwa asubuhi.

Sponji ya kumbukumbu, ile inayoacha alama ya kiganja ukiibonyeza, ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost katika kazi iliyofadhiliwa na NASA, kwa lengo la kuboresha viti vya ndege. Tabia yake ya msingi ni kulainika kwa joto. Katika chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi, ambamo joto la mchana wa Februari huzidi nyuzi 30, sponji hiyo hulainika hata kabla hujaikalia, na chini ya mwili mzito husambaa na kuacha uzito ushuke moja kwa moja. Kwa mto wa shingo inafaa sana, kwa kuwa kichwa ni chepesi. Kwa kikalio chote sikubaliani nayo katika hali yetu ya hewa.

Mgongo wenyewe una habari zake. Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Waseem Bashir walitumia mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, huko Aberdeen, Uskoti, kuwachunguza watu 22 wenye afya wakiwa wameketi kwa mikao mbalimbali, na waliona kwamba mkao wa nyuzi 135 kati ya kiwiliwili na mapaja ulizisumbua diski za uti wa mgongo kidogo kuliko ule wa wima wa nyuzi 90. Habari hiyo huipa thamani sehemu ya kiti ambayo watu huiona ya anasa, yaani wenzo wa kulaza kiegemeo. Lakini kuegemea kwa pembe hiyo mtu akiwa na kilo 130 kunawezekana tu kama bamba, kiungo cha kiegemeo na urefu wa miguu mitano vinaweza kuustahimili mzigo ulioko nyuma bila kiti kutishia kupinduka. Nyuzi 180 zinazotangazwa kwenye baadhi ya viti sizioni kuwa na maana kwa mtu mzito. 110 hadi 135 zinatosha kwa kazi na kwa gemu. Egemeo la kiuno lililojengwa ndani, linalosogezwa kwa kitufe cha kuzungusha, ni bora mara nyingi kuliko mto unaofungwa kwa mkanda, kwani mto huo hupanda na kushuka kila unapojigeuza, na unene wake humsukuma mbele mtu ambaye tayari ana kitambi cha kukiweka kati yake na meza.

Mikono ya kiti hubeba mzigo ambao watengenezaji hawautilii maanani. Mtu mwepesi huiwekea viwiko tu, ilhali mzito huitumia kujiinulia, na kila anapoinuka hushindilia makumi ya kilo kwenye bolti mbili au tatu. Mikono inayosogea kila upande ina viungo vingi, na kila kiungo kina mlegeo wake. Mimi nimechagua inayopanda, kushuka na kusogea nje pekee, na kusogea nje ndiko muhimu kwangu, kwa sababu mikono iliyokaribiana humfanya mwenye mwili mpana aketi akiwa amebanwa mabega.

Linalobaki ni la juu kabisa, na kwa sisi wa pwani ndilo linalouma. Ngozi bandia ya poliuretani, hasa ya aina rahisi, huvunjwavunjwa na maji yaliyomo hewani: unyevunyevu na joto huzikata taratibu nyororo za kikemia za tabaka la juu, likaanza kupasuka na kubanduka magamba yanayoganda kwenye nguo na kwenye jasho la mgongo. Hili hutokea hata kiti kikiwa kimefungwa ghalani bila kukaliwa na mtu, kwa hiyo kiti cha bei ya kutupa kilichokaa stoo kwa miaka kinaweza kuwa kimekwisha kuzeeka kabla ya kufikishwa nyumbani. Jasho, mafuta ya mwili na jua la dirishani huharakisha kazi hiyo. Kiti changu cha zamani, ambacho chuma chake kilikuwa bado kizima, kilibanduka kiegemeo chote namna hiyo, na duka lililoniuzia lilikataa kukihudumia kwa maelezo kuwa dhamana inahusu fremu na silinda pekee. Tangu wakati huo naisoma dhamana sehemu kwa sehemu, na naishauri kila mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja aulize kwanza dhamana inasema nini juu ya kitambaa cha juu.

Reksini ya PVC huustahimili unyevunyevu vizuri zaidi na husafishwa kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, ila haipitishi hewa, na mwili mzito hutoa joto jingi. Kitambaa cha kufumwa hupumua na hakibanduki. Ubaya wake ni kwamba hunywa jasho, hushika vumbi, na huhitaji kufyonzwa mara kwa mara. Wavu unaovutwa juu ya fremu, uliopata umaarufu katika viti vya ofisi kupitia kiti cha Aeron cha kampuni ya Herman Miller mwaka 1994, hupitisha hewa kuliko vyote, na kiti hicho hutolewa kwa saizi tatu, jambo ambalo ningependa watengenezaji wote wa viti vya gemu waliige. Kwa chumba changu nimebaki na kitambaa cha kufumwa kwenye kikalio na kiegemeo, na PVC kwenye mabawa, mahali mikono inapogusa.

Matunzo ya kiti kizito si kazi kubwa. Bolti za bamba na za mikono hujilegeza kwa mtikisiko, kwa hiyo nazikaza upya kila baada ya miezi michache kwa kile kifaa chenye umbo la L kinachokuja ndani ya sanduku, na mlio wa kukwaruza nikiusikia huwa natia grisi kidogo kwenye kijiti cha kubembea kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Magurudumu hukusanya nywele na nyuzi kwenye ekseli zake, na mzigo ukiwa mkubwa uchafu huo huisaga plastiki upesi. Kuhusu spea, nilihakikisha mapema kwamba silinda ina kipenyo cha kawaida cha milimita 50 kwa bomba la nje, na kwamba pini za magurudumu ni za milimita 11, vipimo ambavyo viti vingi vya ofisi huvitumia na ambavyo wauza spea wa Kariakoo wanavifahamu. Bamba la chini ndilo lenye mpangilio wa matundu unaotofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na kwa sababu hiyo nimepima umbali kati ya matundu yake, nikauandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa chini wa kikalio.